Kopo Lilisema, Mimi Nikanyamaza

Mtu akitamka mbele yangu "dawa ya kahawa", namkatiza, hata kama ni mgeni aliyekuja kula kwangu. Dawa anapewa mgonjwa apone. Ile ni sumu. Watoto wangu wamechoka kunisikia, na wajukuu huniigiza nikiwapa mgongo, lakini sitaacha. Neno hilo niliwahi kulitamka mimi mwenyewe mbele ya watu walioniamini, nikijua ninachokificha.

Ilikuwa miaka ya hamsini mwanzoni, Mwingereza bado anatutawala. Nilikuwa msaidizi wa kilimo huku Mbozi. Tulizunguka kwa miguu na baiskeli katika mashamba ya kahawa na bustani za mboga za watu wetu, tukiwafundisha kupogoa, kutambua kutu ya majani, kuokota kunguni wa kahawa, kuchanganya mrututu, ile chumvi ya buluu ya kuzuia kutu, na chokaa. Watu walituita mabwana shamba wadogo. Bwana shamba mwenyewe alikuwa Mzungu aliyekaa wilayani, mrefu, mwenye Kiswahili kizuri kuliko cha wengi wetu, maana sisi Kiswahili tulikisoma shuleni juu ya Kinyiha na Kindali chetu.

Aliyenifundisha kazi si Mzungu huyo. Alikuwa mwenzangu mmoja, Mndali wa milima ya Ileje, aliyenipita kama miaka kumi na mitano. Nilimwita Kaka. Kaka alikuwa na jicho ambalo sijaliona tena kwa mtu mwingine. Angesimama mwanzoni mwa mstari wa kahawa, anyamaze kidogo, halafu aseme, "Mti wa saba kule una njaa, mti wa tisa unaumwa. Usiwape chakula kimoja." Ungekwenda kuangalia, ungekuta ndivyo ilivyo. Alikuwa mzee wa kanisa. Pombe hakuionja hata kwenye matanga, jambo ambalo kwetu si dogo, maana kibuyu cha ulezi kikizunguka kukikataa ni kama kuwakataa watu.

Kila mwaka, kabla kahawa haijachanua, tuliitwa wilayani kunolewa upya. Tulikuwa kumi na wawili. Tulilala kwenye banda la maghala, tukapikiwa ugali na maharage, na kwa siku nne tukaelezwa magonjwa mapya na namna mpya za kuyazuia. Nilizipenda siku zile, siwezi kusema uongo. Nilipenda kujua.

Mwaka huo alikuja mtaalamu mgeni kutoka kaskazini, Mzungu mnene, mwenye haya, asiyejua Kiswahili hata cha kuomba maji. Alileta makopo ya sumu mpya ya kunguni. Kwa kuwa nilikuwa nimefika mbali kidogo katika shule ya misheni, bwana shamba akaniteua niwe mkalimani.

Siku ya kwanza hatukufundishwa sisi. Walifundishwa masetla wenye mashamba makubwa. Walikaa barazani kwa bwana shamba, wake zao wakiwa na kofia pana, na mimi nikawa nabeba makopo na kuyapanga mezani. Kwa hiyo nilisikia yote.

Mtaalamu alivaa glavu nene za mpira ndipo akashika kopo. Alisema sumu hii haihitaji kunywewa ili iue. Inapita kwenye ngozi, hasa ngozi yenye jasho. Anayepiga asipige penye upepo, wala asile au kuvuta tumbaku kabla hajaoga. Nguo ikilowa aivue palepale na aoge kwa sabuni. Akisikia kichwa kinauma na macho yanaona giza, aache kazi aende hospitali, na achukue kopo lenyewe ampe daktari, kwa sababu jina la sindano ya kumwokoa limeandikwa pale. Kila setla alipewa karatasi yenye maneno hayo na jozi ya glavu za kujaribu. Setla mmoja akauliza kama glavu hizo zingeingia kwenye mikono ya vibarua wake, wengine wakacheka. Mtaalamu hakucheka. Alitazama chini.

Kesho yake ikawa zamu yetu. Hatukukaa barazani, tulisimama kwenye kitalu cha miche. Kopo lilikuwa lilelile. Mtaalamu alieleza vifuniko vingapi kwa debe la maji, namna ya kukoroga kwa ujiti, namna ya kusukuma mpini wa bomba la kunyunyizia, mwendo wa miguu kati ya mistari. Mimi nikatafsiri, nikiiita dawa ya kahawa. Nikangoja afike kwenye ngozi na jasho. Hakufika. Alikunja karatasi yake.

Nikamwuliza kwa Kiingereza, kwa sauti ya chini, kama niwaambie na yale ya jana. Akageuka kumtazama bwana shamba. Bwana shamba akanijibu kwa Kiswahili, kwa upole kabisa, kama mtu anayekukumbusha kufunga mlango.

"Ukiwatisha hawatapiga dawa. Tafsiri kinachosemwa."

Nikasema, "Ndiyo, Bwana."

Kaka ndiye aliyenyoosha mkono. "Mdogo wangu, muulize mtaalamu. Hii dawa ikinimwagikia mkononi inakuwaje?"

Niliuliza. Mtaalamu akafikiri, akasema, mwambie anawe baadaye.

"Anasema unawe baadaye, Kaka."

Baadaye! Nilijua kwamba jana yake, kwa wale wa barazani, ilikuwa palepale, nguo ivuliwe palepale. Nililisikia neno hilo kwa masikio yangu nikiwa nimeshika kopo, na siku ya pili nikampa mtu aliyenilea kazini neno jingine. Kaka alitikisa kichwa, akaridhika. Angeacha kuridhika kwa nini? Nilikuwa mdogo wake.

Wiki iliyofuata tulipelekwa Ruanda, kijiji cha huku huku Mbozi, mimi naye, kuonyesha upigaji wa sumu kwenye mashamba ya wakulima. Mimi nilipewa kazi ya kuandika miti na kuhesabu kunguni waliokufa. Kaka alibeba bomba. Lilikuwa bomba la zamani la shaba, mfuniko wake umelegea, na kila alipoinama kupita chini ya matawi lilimchuruzikia shingoni na mgongoni. Kipindi kile upepo wa Mbozi hauna huruma. Unapuliza vumbi jekundu mpaka kwenye meno. Siku ya kwanza akasema kichwa kinamgonga. Siku ya pili hakumaliza chakula chake. Nilimwambia, "Kaka, pumzika," lakini sikumwambia kwa nini apumzike. Akanijibu kwamba wakulima wanatazama, na mwalimu akipumzika wanafunzi watalala.

Siku ya tatu, jua likiwa utosini, alitua bomba, akakaa chini ya mti wa kahawa, akaniita. Sauti ilikuwa nzito, mate yanamtoka kama mtoto anayeota meno. Jasho lilikuwa limelowesha shati lote. Nyama za mashavu zilikuwa zinacheza zenyewe. Nilimfunua jicho, mboni ilikuwa imekuwa kitone, ncha ya sindano.

"Mdogo wangu," alisema, "mbona kumekuwa giza?"

Wakulima wanne walitengeneza machela kwa miti miwili na shuka. Mimi nilikimbia mbele na kopo mkononi. Kwenye zahanati ya misheni alikuwepo dresa mmoja, msaidizi wa daktari, mtu mfupi, mkali, mwenye tabia ya kumgombeza mgonjwa kabla ya kumtibu. Aliuliza amekula nini. Nikamwambia hajala kitu, ni hii, nikampa kopo. Akalisoma akifuatisha kwa kidole, midomo ikitembea. Alipofika mahali fulani akapiga kelele wamvue nguo zote, waziweke nje, waje na sabuni na maji mengi. Akafungua kabati, akatafuta, akapata kichupa cha sindano iliyotajwa. Akamdunga. Akangoja, akatazama macho, akamdunga tena.

Walipokuwa wanamsugua mgongo, dresa alinigeukia.

"Hili kopo ni lenu?"

"Ni la kazi."

"Limeandikwa kila kitu hapa. Hamkusoma?"

Nilikuwa nimelisoma mara tatu.

Kaka hakufa. Alikaa zahanati majuma matatu, na alipotoka alikuwa anatembea kwa kupapasa ardhi kwa unyayo kabla ya kukanyaga. Mikono ilikuwa inatetemeka. Dresa alisema labda itatulia. Haikutulia. Mkono uliokuwa unapogoa tawi bila kugusa jani la pembeni sasa haukuweza kushika kikombe kikiwa kimejaa.

Bwana shamba aliniita ofisini. Mezani palikuwa na ripoti iliyopigwa chapa, kurasa mbili. Aliniambia nisome kisha niweke sahihi kama shahidi. Iliandikwa kwamba msaidizi huyo aliugua kazini kwa sababu alikuwa amekunywa pombe ya kienyeji kwa wingi, na kwa hiyo hafai tena kuajiriwa.

Nikasema, "Bwana, huyu mtu hanywi."

"Wote mnakunywa."

"Huyu ni mzee wa kanisa. Hanywi."

Alivua miwani akaifuta. "Sikiliza. Nikiandika dawa, huko juu watasimamisha dawa, na kahawa ya watu wako italiwa yote na kunguni. Unataka hivyo? Ukikataa kuweka sahihi, nitaandika kwamba mlikunywa wawili."

Mke wangu alikuwa na mimba ya kwanza. Nina sababu nyingine pia, nimezipanga mara nyingi maishani, na hakuna hata moja inayosimama. Nilishika kalamu. Sahihi yangu ilikuwa nzuri siku hizo, yenye mkia mrefu. Nilijifunza kuiandika hivyo nikiwa shule ili nionekane msomi.

Sikujua kwamba ripoti ingeshuka mpaka kijijini. Lakini barua ya kumwachisha kazi ilisomwa na karani, karani akamsimulia shemeji yake, na kabla mwezi haujaisha wazee wa kanisa kule Ileje walikaa. Wakasema kama serikali imeandika, na shahidi mwenyewe ni Mkristo aliyekuwa pale, basi ni kweli. Wakamwondoa Kaka katika uzee wa kanisa. Wakamzuia na meza ya Bwana. Jumapili alikaa benchi la nyuma pamoja na wasichana waliopata mimba na vijana waliooa kimila, mikono yake ikitetemeka mapajani, na watu wakanong'ona: si mnaona, mikono ya mlevi hiyo.

Mke wake ndiye aliyekuja kwangu. Alishuka milimani kwa miguu siku nzima, akalala kwa ndugu zake njiani, akafika kwangu asubuhi mke wangu akiwa anafagia uwanja. Mke wangu alimletea kigoda. Hakukikalia. Aliteremsha kikapu kichwani, akakishika mbele ya tumbo kwa mikono miwili.

"Shemeji, wewe ulikuwepo," alisema.

"Nilikuwepo, shemeji."

"Alikunywa?"

"Hakunywa."

"Basi nani ameandika?"

"Bwana shamba."

"Na chini yake nani ameandika?"

Mke wangu aliacha kufagia. Nilikuwa sijamwambia.

"Mimi," nikasema.

Nilitegemea alie au anitukane, na ningeshukuru. Alisema tu, "Nilikuwa nakuchagulia ndizi zilizoiva vizuri ulipokuwa unakuja kwetu." Akajitwika kikapu chake, akaondoka bila kunywa maji. Mke wangu hakunisemesha siku mbili, na aliponisemesha alisema, "Mtoto huyu akizaliwa utamwambia baba yake ni mtu gani?"

Hasira niliyokuwa nayo kwa Mzungu ilikuwa nyepesi. Unaweza kuibeba ukafanya nayo kazi na kulala usingizi. Hii nyingine, niliyokuwa nayo juu yangu mwenyewe, haikubebeka.

Nilikwenda kwanza ofisini. Nikamwomba bwana shamba aibadilishe ripoti. Akasema faili limekwenda Mbeya na halirudi. Nikamwambia mtu amefukuzwa kwenye meza ya Bwana kwa sababu ya karatasi ile. Akanijibu kwamba mambo ya makanisa hayamo katika idara yake.

Jumapili iliyofuata nikaenda Ileje. Nilifika ibada imeanza, nikasimama nyuma mpaka matangazo, ndipo nikaomba nafasi. Mchungaji alinijua, akaniruhusu. Nikasimama mbele, nikasema kwa Kindali changu kibovu, ili bibi wa benchi la mwisho asihitaji mkalimani, kwamba ndugu yao hakunywa pombe, kwamba aliumwa kwa sumu, kwamba nilijua ni sumu kabla hajaishika, kwamba sikumwambia, na kwamba jina lililo chini ya ripoti ni langu. Nilisema pia habari ya glavu za barazani. Mzee mmoja aliyekuwa katika kikao cha kumwondoa akaguna kwa uchungu, "Tumemla mtu akiwa hai."

Walimrudisha siku ileile. Mchungaji alinitaka nimshike mkono Kaka mbele ya watu. Nilimshika. Ulikuwa unatetemeka ndani ya wangu. Akasema kwa sauti ya kusikika, "Nimekusamehe."

Mwaka uliofuata tukaitwa kunolewa tena. Kumi na mmoja wa zamani na mmoja mpya aliyechukua nafasi ya Kaka. Mtaalamu alikuwa yuleyule, makopo yaleyale, na bwana shamba akaniweka tena niwe mkalimani, sijui kwa kuniamini au kwa kutaka kuniona nikiinama mara ya pili. Tulisimama kitaluni. Mtaalamu akataja vifuniko na madebe. Nikatafsiri. Akataja mpini wa bomba. Nikatafsiri. Akakunja karatasi yake.

Mimi nikachukua kopo mezani, nikaligeuza upande wenye maandishi, nikaanza kusoma kwa Kiswahili, mstari kwa mstari, na kila mstari nikaurudia kwa Kinyiha. Hii ni sumu. Inapita kwenye ngozi. Aishikaye avae glavu. Nguo ikilowa ivuliwe palepale. Kopo likiisha litobolewe na kufukiwa, lisichotewe maji.

Bwana shamba alisogea. "Hakusema hivyo."

"Ni kweli, Bwana. Kopo ndilo limesema."

"Weka chini."

"Bado mistari miwili."

Nikaisoma. Mtaalamu aliuliza kwa Kiingereza ninasema nini, nikamjibu kwa Kiingereza: yale uliyowaambia wa barazani. Akawa mwekundu mpaka masikioni. Na hapo akafanya jambo ambalo sikulitegemea. Alifungua sanduku lake, akatoa glavu zilizobaki, jozi nne, akaziweka mezani mbele yetu bila neno.

Yule mpya, aliyekuwa amekwisha kuvaa bomba mgongoni, alilivua, akaliweka chini taratibu. Mwingine akamfuata. Walitua wote. Hawakugoma kwa kelele. Walisimama tu pembeni ya mabomba yao, kumi na mmoja, wakiangalia jozi nne za glavu, na hakuna aliyepiga sumu siku ile.

Barua yangu ya uhamisho ilikuja kabla ya mvua za kwanza. Nilipelekwa Chitete, huko bondeni Momba, kwenye joto na mbung'o, ambako hapakuwa na mti hata mmoja wa kahawa wa kuutibu. Nilikaa huko miaka minne nikifundisha mtama na ufuta. Glavu zililetwa Mbozi, nilisikia, msimu wa pili baada ya mimi kuondoka: sanduku moja kwa wilaya nzima. Wakulima wa Ruanda walikataa kuchota maji ya kuchanganyia mpaka walipoziona. Akina mama ndio walioanza kukataa, maana makopo matupu yalikuwa majikoni mwao, na hakuna aliyekuwa amewaambia mapema. Wengine walikuwa wamepimia unga kwa hayo. Hilo nalo ninalibeba.

Niliporuhusiwa likizo ya kwanza nilipanda Ileje. Kaka alikuwa amekaa nje ya nyumba yake, mke wake anapepeta ulezi. Shemeji aliniletea maji safari hii, na ndizi, lakini hakukaa nasi. Tulizungumza habari za watoto. Halafu nikasema nimefurahi kwamba yameisha.

"Yapi?" Kaka aliuliza.

"Yale. Ulinisamehe."

Aliweka kikombe chini kwa mikono miwili, kikamwagika hata hivyo.

"Kule kanisani watu walikuwa wanatazama, mdogo wangu. Nyumbani bado."

Aliinuka, akapapasa njia kwa unyayo, akaniita nyuma ya nyumba kwenye kahawa zake ishirini hivi. Macho hayakuwa yanamtosha tena, akaniambia nimsomee majani ya miti yote, mmoja baada ya mwingine, chini na juu ya kila jani, na nisimfiche kitu.